Uzoefu wangu: nimebadilisha beringi ya tairi ya mbele kwenye IST, gereji yenye presi Gerezani, Dar

Wakuu, kama una IST, Vitz, Raum au kagari kengine kadogo ka Toyota na inakuvumia vuuuuu ukifika spidi 60 kwenda juu, soma hii kabla hujaenda kununua matairi mapya. Mimi nilishaambiwa na fundi wa mtaani Sinza kwamba shida ni matairi, badilisha yote manne, kisha huyohuyo akaja kuniambia ni gia boksi. Hapo nikaona huyu anabahatisha kwa hela yangu, nikahamia Gerezani kwa jamaa wanaofanya miguu tu, yaani shokapu, bushi, boljointi na beringi (ile ringi yenye gololi inayofanya tairi lizunguke laini), hawagusi injini kabisa.

Nilichokipenda kwanza ni kwamba hawakukimbilia spana. Fundi akapanda tukatoka nayo mpaka barabara ya Nyerere, ilipofika 70 akaniambia bosi tupa nyutro, injini ikashuka lakini mvumo ukabaki vilevile, akasema basi injini itoe kwenye hesabu, hiki kinafuata mzunguko wa tairi. Halafu akawa anacheza na usukani kidogokidogo, kushoto kulia. Ukikata kulia uzito wa gari unalalia kushoto, sasa yangu ilikuwa ikikata kulia inalia zaidi na kushoto inapungua, kwa hiyo mgonjwa anashukiwa kuwa wa kushoto. Anashukiwa tu, maana akasema hicho kipimo huwa kinadanganya, wapo watu wamebadilisha upande mzima wakaacha mbovu.

Tukarudi, gari juu ya jeki na stendi (stendi zilikuwepo, siyo tofali, nimeliona hilo). Akashika tairi juu na chini akalitikisa, likacheza kidogo sana. Likicheza ukishika kushoto na kulia tu mara nyingi ni tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi), siyo beringi. Ila kilichonimaliza ni hiki, akaniambia weka mkono kwenye springi ya shokapu halafu akazungusha tairi taratibu kwa mkono, aisee unasikia kabisa mkwaruzo kwenye vidole kama mchanga unasagwa, ukienda upande wa kulia springi imetulia kimya. Hapo hakuna ubishi tena. Matairi nayo akayapitisha kiganja, akasema tairi lililoliwa kwa mawimbi linavuma hivyohivyo, ukitaka kujua hamisha ya mbele yaende nyuma usikie kama sauti imehama, yangu yalikuwa fresh.

Beringi nimenunua mwenyewe Kariakoo. Nilikuta ya 30,000 na ya Japani, nikachukua Koyo kwa 95,000. Hapa kuwa makini, boksi lenye jina kubwa siyo ushahidi wa kitu, feki zimejaa, fundi aliikagua maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe na akaizungusha ndo akakubali kuifunga.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye IST beringi ya mbele imekabwa ndani ya nako, lile lichuma linaloshika habu (kile kipande tairi linapofungwa) na kalipa ya breki, kwa hiyo nako yote inatoka nje ya gari. Habu ilivyosukumwa nje ikatoka na kipande cha beringi ya zamani kimeng'ang'ania, kikakatwa na greinda kwa uangalifu maana ukichuna habu umejitafutia mvumo mpya. Na hapa ndo kwa nini nasema nenda kwenye presi, ile mashine inayosukuma chuma taratibu bila kugonga. Beringi ikiingia kwenye nako inasukumwa kwa ringi ya nje, habu ikiingia kwenye beringi unaegemeza ringi ya ndani, ukikosea nguvu yote inapita kwenye gololi na beringi mpya inakufa siku hiyohiyo kabla hata hujatoka getini. Mwenye nyundo hawezi kukuhakikishia hilo hata awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Kwa nini iliharibika? Sili, ule mpira unaozuia maji, ilikuwa imechoka na ndani grisi imegeuka uji wa kahawia, maji hayo. Ukipita mvua za masika pale Jangwani mto Msimbazi ukiwa umejaa, au vichochoro vyetu huku Sinza, usishangae.

Malalamiko ninayo. Walitaka kurudisha nati ya zamani ya shafti, ile inayopondwa ukingo ili isilegee, nikakataa, wakaagiza mpya ndo tukasubiri mpaka jua linazama kwa kitu cha elfu chache. Risiti hawana, wanakuandikia kwenye karatasi. Halafu alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa matairi) hawafanyi, na kwa kuwa bolti za shokapu zimefunguliwa lazima ukapime kwingine, mimi nilikuta imepotea kidogo, ni hela nyingine hiyo. Ufundi walichukua 40,000, mtaani ungepata kwa nusu yake.

Upande wa kulia hawakuugusa, nilitaka wafanye yote mawili wakasema ya kulia nzima, itumie. Sasa hivi napita daraja la Kigamboni kwenye 80 nasikia redio na upepo tu. Nyota 4 kati ya 5, ile moja wameipoteza kwenye nati. Ukienda wahi asubuhi, mchana foleni ya bajaji pale inakula muda wa presi.