Uchambuzi: sanduku la Dark Sun la mwaka 1991, na duara la majivu ambalo mashabiki hawajalisahau

Watazamaji wapenzi, karibuni tena kwenye chaneli yetu. Mliodai kwa muda mrefu nilifungue sanduku la Dark Sun mbele ya kamera, leo haki yenu mnaipata, tena mnaipata kwa mtu mwenye furaha na hasira kwa pamoja. Furaha inatokana na kilichomo ndani. Hasira inatokana na kwamba ulimwengu huu wa kampeni, yaani dunia ya kubuni ambamo wachezaji huendesha hadithi zao, uliotolewa na kampuni ya TSR mwaka 1991 kwa ajili ya toleo la pili la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, bado umewekwa kando wakati ndugu zake wanafufuliwa mmoja baada ya mwingine.

Sitaeleza dadu ya pande 20 ni nini, wala kazi ya mwongoza mchezo, kwa sababu aliyefika kwenye video hii anayajua hayo. Ndani ya sanduku mna vitabu viwili vikuu, kimoja cha kanuni na kingine kilichoandikwa kama shajara ya msafiri anayeizunguka dunia ya Athas. Mna ramani kubwa za kukunjua, na mna vijitabu vya kampeni ya kuanzia ambavyo husimamishwa mezani ili wachezaji waone picha huku mwongoza mchezo akisoma maelezo yake. Wabunifu wake wakuu ni Timothy B. Brown na Troy Denning, lakini mkiwauliza mashabiki wanachokikumbuka kwanza, wengi watamtaja mchoraji, Gerald Brom. Sogeeni muitazame rangi ya anga kwenye jalada hili. Jua lile lina uzito wa kutisha, na watu waliosimama chini yake wamevaa ngozi na mifupa, si deraya zinazong'aa.

Athas ni jangwa lisilo na miungu. Chuma ni adimu kiasi kwamba mpiganaji wa kawaida hubeba silaha ya mfupa, jiwe, mti au obsidiani (kioo cha volkano), ambayo hupiga kwa udhaifu na huweza kuvunjika pambano likiwa limepamba moto. Sarafu ni za udongo uliochomwa, na kila moja huweza kuvunjwa vipande kumi vya kufanyia manunuzi madogo. Maji huhesabiwa kwa galoni, na asiyeyahesabu hufa. Wahusika huanzia ngazi ya tatu badala ya ya kwanza, na mchezaji hushauriwa awe na wahusika wanne tayari, mmoja akiwa mchezoni na watatu wakisubiri, jambo linalokuonyesha waziwazi waandishi walikuwa wanakutarajia ufike wapi. Kwa hayo yote ningelipatia sanduku hili alama nzuri tu. Kinachonifanya nilizungumzie kwa moyo wote ni kanuni moja, na hiyo ndiyo nitakayoionyesha kwa kirefu.

Kwenye kamera ya juu mnaona karatasi ya miraba. Hapa nimechora kisima, na pembeni yake vichaka na nyasi, kwa sababu popote palipo na maji Athas ndipo penye uhai. Kitufe hiki cheusi ni mchawi wa aina ya mharibifu. Maadui wanakuja kutoka upande wa kushoto, naye anaamua kuwapiga kwa uchawi. Katika michezo mingi mngerusha dadu, mkahesabu madhara, mkaendelea. Hapa tunasimama kwanza, kwa sababu uchawi wa Athas hunyonya uhai wa mimea, na mharibifu hajali anaacha nini nyuma yake. Ninafungua kitabu cha kanuni, ninatafuta jedwali, na ninaangalia mambo mawili: ngazi ya uchawi wenyewe na aina ya ardhi aliyosimama. Ardhi ikiwa kame, atalazimika kunyonya eneo kubwa zaidi ili apate nguvu ileile. Sasa ninachukua bikari, ninaweka ncha yake juu ya kitufe, ninazungusha, kisha ninapaka mkaa ndani ya duara lote. Vichaka vyangu vimekwisha. Nyasi zimekwisha. Yamebaki majivu, na ardhi ile haitaotesha kitu kwa miaka.

Tazameni karatasi sasa. Duara hili halifutiki pambano likimalizika. Kundi likipita hapa tena baada ya vikao kadhaa, litalikuta. Wafugaji waliokitegemea kisima hiki watalikuta pia, na watataka kujua ni nani aliyelifanya. Mfuatiliaji atalisoma kama saini. Mwenzake wa aina nyingine, yaani mchawi mhifadhi, angeweza kufanya uchawi uleule bila kuua jani hata moja, lakini kanuni zinamtaka akusanye pointi nyingi zaidi za uzoefu ili apande ngazi. Kwa hiyo kishawishi hakipo kwenye hadithi peke yake. Kimeandikwa kwenye hesabu, na mchezaji mwenye subira ndogo anakiona kila anapoitazama karatasi ya mhusika wake. Niambieni ni ulimwengu gani mwingine uliofanya uharibifu wa mazingira kuwa njia ya mkato yenye faida inayopimika, halafu ukakulazimisha uuchore kwa mkono wako mwenyewe.

Dosari? Zipo. Kila mhusika ana kipaji fulani cha nguvu za akili, lakini kanuni kamili za nguvu hizo ziko kwenye kitabu kingine kilichouzwa peke yake, na hilo linanikera mpaka leo. Tena uamuzi wa kuwa mharibifu au mhifadhi hufanywa siku unapomuunda mhusika, ilhali mvutano ungekuwa mkali zaidi kama ungeamua kila unapofanya uchawi. Hapo ndipo toleo la Dark Sun la mwaka 2010, lililotolewa kwa ajili ya toleo la nne la Dungeons & Dragons, linapolizidi la kwanza maarifa. Mchawi alipewa nafasi ya kurusha dadu upya kwa uchawi wake mkubwa wa siku, kwa gharama ya kuwaumiza wenzake walio karibu. Nilianza video hii nikiwa na nia ya kulibeza, lakini kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba lilikuwa wazo zuri. Nililolikosa ni jedwali na bikari. Wenzako wakipona, ramani inabaki safi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuhusu sanduku la marekebisho la mwaka 1995, mashabiki wamegawanyika, na mimi niko upande wa wanaolikwepa. Riwaya tano za Denning, zilizotoka kati ya mwaka 1991 na 1993, ziliwaua kadhaa kati ya wafalme wachawi wanaotawala miji ya Athas, na sanduku la pili likayachukua matukio hayo kuwa historia rasmi. Matokeo yake, kazi kubwa ambazo kundi lako lingeota kuzifanya zilikuwa zimeshafanywa na watu wa vitabuni. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini hiki kilikosa hata unyemi.

Mfululizo wa Dark Sun ulisitishwa katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 1997 kampuni ya Wizards of the Coast ikainunua TSR. Kati ya ulimwengu ndugu wa mchezo huu, Ravenloft ilipata kitabu kipya mwaka 2021, Spelljammer mwaka 2022, na Planescape mwaka 2023. Wanaosema Dark Sun haifufuki kirahisi hutaja utumwa, ambao umetanda katika miji yote ya Athas. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kampeni ya kwanza kuuzwa peke yake, Freedom, inawaweka wachezaji miongoni mwa watumwa wanaojenga zigurati (mnara mkubwa wa ngazi) ya mfalme Kalak mjini Tyr, na inawapeleka hadi siku utawala wake unapoanguka. Mwandishi makini angekuwa na pa kuanzia.

Kwa upande wa bei, msikimbilie mnada. Wauzaji wengi huliita sanduku kamili wakati ramani hazimo, na mmoja aliniuzia namna hiyo, akanijibu kwamba ramani ni pambo tu. Ombeni picha ya kila kitu kabla ya kulipa. Nakala za kidijitali za vitabu vya zamani zinauzwa kihalali kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na sanduku lenyewe, na kwa kucheza zinatosha, mradi muichapishe ramani kwa ukubwa wake na mulichapishe jedwali la majivu peke yake ili liwe karibu na mkono. Video ijayo itakuwa ya Planescape, la mwaka 1994 dhidi ya la 2023, kwa hiyo wenye masanduku yao waandike hapo chini wangependa nilinganishe nini.