Mashine bila diski: mfumo wote wa Linux kwenye initramfs (faili la mfumo linalopakiwa kwenye RAM wakati wa kuwasha) au NFS root (root, yaani folda kuu ya mfumo, inakaa kwenye seva na kusomwa kupitia mtandao)?

Inategemea RAM uliyonayo na mtandao wako ukoje.

Ukiweka kila kitu kwenye initramfs, yaani BusyBox (amri za msingi za Linux kwenye programu moja) na programu zako, vinavutwa pamoja na kerneli (kiini cha Linux) mara moja kwa PXE (kuwasha mashine kupitia mtandao) vinakaa kwenye RAM, raha yake mashine ikishawaka hata seva ikizimwa yenyewe inaendelea na kazi. Ila RAM inaliwa, na ukibadilisha kafaili kamoja tu inabidi utengeneze initramfs upya na uwashe mashine upya. Halafu TFTP ya kawaida (njia ambayo PXE inavutia mafaili) inatuma vipande vya baiti 512 na kusubiri jibu kila kipande, faili likiwa kubwa utachoka kusubiri, bora iPXE (PXE iliyoboreshwa) uvute kwa HTTP.

Kwa matunzo NFS root iko juu kabisa, unahariri faili kwenye seva na mashine zote zinaliona (zikichangia root moja iwe ya kusoma tu jamani). Lakini seva ikidondoka kila kitu kinaganda mpaka irudi. Na wengi wanakwama hapa: kama hutumii initramfs, kwenye mipangilio ya kerneli draiva ya kadi ya mtandao lazima iwe =y (ndani ya kerneli yenyewe), sio =m (moduli, faili la pembeni), pamoja na CONFIG_IP_PNP (kerneli ijipatie anwani ya IP) na CONFIG_ROOT_NFS (root kupitia NFS), maana moduli yenyewe ipo kwenye root ambayo kerneli bado haijaifikia.

Kama unajaribu vitu kila saa mi ningeenda na NFS. Mashine za kazi moja isiyobadilika, na mtandao unaokatika katika, weka initramfs.