Wodi ya walioungua: nenda na beseni lako

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, Katwe, Kampala. Mwezi wa tatu nilikata pipa la petroli nililoambiwa ni tupu. Pipa la namna hiyo huwa baya kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ndio unaodaka cheche. Nalijua hilo miaka yote, ila siku hiyo sikulijaza maji kwanza. Mteja alikuwa mlangoni anatazama saa. Kifuniko kiliruka hadi paa la jirani. Mimi nikaungua mikono yote miwili na shingo. Jirani huyo huyo alinimwagia maji ya jerikeni karibu dakika 20, akamfukuza kijana aliyekuja mbio na dawa ya meno. Mungu ambariki.

Nililazwa wiki tano katika hospitali ya serikali hapa Kampala. Daktari na kitanda hulipii, ada zilifutwa 2001, lakini gozi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, ikiisha unapewa kikaratasi ukanunue nje. Kwa hiyo usiende bila mtu wa kukuuguza. Mdogo wangu alilala kwenye mkeka chini ya kitanda, akinifulia shuka na kuniletea rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, asubuhi na jioni, maana daktari alisisitiza mayai, na posho (ugali) na maharage ya wodini hayatoshi. Beseni, sabuni, blanketi: vyote vyako. Mlango wa choo hauna komeo, unauzuia kwa mguu. Jaribu hivyo ukiwa na bandeji mikono yote. Nyota nne, ya tano imebaki huko chooni.

Hizo nne ni za sista wa zamu ya mchana. Kubadilisha bandeji ni kila baada ya siku moja, na usiku uliotangulia silali. Wa zamu nyingine alivuta gozi ikiwa kavu, nikapiga yowe wodi nzima ikaamka. Huyu anailowesha kwa maji ya chumvi, anasubiri iachie yenyewe, huku ananiuliza: "Ssebo (bwana), geti la futi kumi siku hizi bei gani?" Mimi naanza kuhesabu vyuma, rangi, bawaba, na kabla sijafika kwenye kufuli gozi imeshatoka. Nadhani nimemtajia bei ya geti hilo mara kumi na tano. Hajanunua.

Mazoezi ya vidole nilikuwa nayakwepa, najifanya nimelala. Msiyakwepe, kovu likikauka linavuta kidole. Mkono wa kulia sasa unafunga ngumi. Wa kushoto, kidole cha mwisho bado kinagoma.