Kibao cha mlangoni kwa bajeti ndogo: ununue mbao ipi?

Kabla ya kwenda dukani, andika maneno yako kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kisha uzihesabu. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na hilo ndilo lililoniponza kwenye kibao changu cha kwanza. Nilianza KARIBUNI NYUMBANI kwa mbwembwe zote; nilipofika kwenye M, nafasi iliyobaki ilikuwa ya vidole viwili. Nikageuza ubao nianze upya upande wa pili. Upande wa pili una fundo katikati.

KARIBUNI ina herufi nane, na NYUMBANI nane vilevile. Ukiziweka mistari miwili zinakaa kama mapacha. Ubao wa urefu wa sentimita 60, ukiacha sentimita 5 kila pembeni, unazipa herufi zako sentimita 6 kila moja na chenji. Ukizipanga mstari mmoja hazifiki sentimita 3, na mgeni aliye getini ataona madoa tu. Kwa hiyo katika makala haya kibao ni sentimita 20 kwa 60, na bei ninayoilinganisha ni ya kibao kimoja. Bei ya mbao nzima inadanganya.

Namba 1: masalio ya paini kutoka kwa seremala

Kwa seremala, narudia, si kwenye duka la mbao. Fundi wa vitanda na makabati hukata mbao za moja kwa nane (unene inchi moja, upana inchi nane) kila siku, na vipande vya futi mbili humrundikania kwenye kona vikisubiri mama lishe aje kuvibeba kuni. Futi mbili ni sentimita 61. Inchi nane ni sentimita 20. Yaani kibao chako kimelala pale tayari, tena mara nyingi kimeshapigwa randa. Dar es Salaam ukizunguka Keko asubuhi moja hutakosa. Mwambie, "Kaka, naomba masalio ya moja kwa nane, nataka kuandikia." Asubuhi atakutajia bei. Jioni, wakati anafagia karakana, atakwambia toa ya soda.

Usipopata, nunua mbao nzima ya futi 12. Inatoa vibao sita. Waombe wakukatie palepale, maana kupanda nayo daladala ni kazi nyingine.

Kitu cha kuogopa kwenye paini ni ubichi. Nyingi inashuka kutoka Mafinga na Njombe na kuuzwa kabla haijakauka, na ubao mbichi ukishapakwa rangi hupinda kama mtumbwi. Chukua vipande viwili vinavyolingana, pima kwa mikono: kizito zaidi ndicho kibichi. Kiweke shavuni, kikiwa cha baridi kuliko mwenzake, kirudishe. Kisha fumba jicho moja ukiangalie kwa urefu, kama anayelenga manati. Ukikuta vyote ni vibichi na huna pa kwenda, vipange kivulini wiki mbili tatu, vikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite.

Fundo nalo lina tabia yake. Utomvu wake hupenya rangi nyeupe baada ya miezi na kuacha doa la njano, kwa hiyo hakikisha halikai chini ya maandishi. Na mbao ya kijani kibichi imetiwa dawa ya mchwa, ambayo mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki. Nje inadumu sana, ila jikoni usiiweke, vumbi lake usilivute, na masalio yake usichomee.

Namba 2: plaiwudi ya milimita 9 au 12

Shiti moja ni sentimita 122 kwa 244. Ukilipanga vizuri linatoa vibao 24. Nyumba gani ina milango 24? Lakini kama mko kikundi, au unafikiria kuuza, gawanya bei ya shiti kwa 24 na bei ya mbao ya paini kwa 6 hapohapo kaunta, uone ipi inakufaa. Haipindi kirahisi, haina fundo la kukusumbua usoni, na herufi ndogo hutoka safi juu yake. Udhaifu uko kwenye kingo: maji huingilia hapo na tabaka huanza kuachana. Zibe kingo kwa puti, piga msasa, paka rangi mara mbili, na hata hivyo kitundike chini ya kibaraza.

Anayedharau ubao mwembamba wa dukani akumbuke kwamba Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960 hapa Dar es Salaam, alichorea vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kawaida. Picha hizo leo ziko kwenye makumbusho ya dunia.

Namba 3: paleti

Watu huipenda kwa sababu ni ya bure au karibu na bure. Nami nilikuwa hivyo hadi nilipong'oa misumari ya paleti mbili Jumamosi nzima. Mbao zake mara nyingi ni nyembamba, upana wa sentimita 10 hivi, kwa hiyo unaunga mbili kwa vipande vya nyuma ndipo upate kibao kimoja. Fundi wa mashine atakataa kuipitisha kwenye randa akihofia msumari uliofichika utamvunjia kisu, na ana haki.

Ukiamua, tafuta mhuri uliochomwa ubavuni. HT maana yake imetibiwa kwa joto: nyuzi 56 hadi ndani ya mbao, kwa dakika 30. Hiyo chukua. MB ni iliyofukizwa kwa gesi ya sumu, methili bromaidi, iache. Yenye madoa ya mafuta nayo iache, rangi haitashika.

Namba 4: vipande vya mninga au mtiki

Hivi usivipake rangi nzima, ni dhambi. Andika herufi nyeupe moja kwa moja juu ya mbao, kisha vanishi. Mtiki una mafuta yake ya asili, kwa hiyo ufute kwa thina kwanza.

Mabanzi ni ya mwisho. Yanapendeza kwenye picha, ila chini ya magamba bungua wanakula taratibu, na unga unaanza kudondoka kwenye viatu vya wageni. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni ya ndani tu. Ikinywa maji inavimba kama andazi.

Pesa inapopotelea

Nimeona mtu anabishana na seremala juu ya mia tano, halafu anaingia dukani anatoka na makopo sita ya rangi. Rangi ndiyo inayokula bajeti. Robo lita ya rangi ya mafuta hutosha takriban mita za mraba mbili na nusu. Uso wa kibao chako ni 0.12. Ukipaka mara mbili, unafika vibao kumi kwa kopo moja dogo. Nunua rangi mbili tu, ya mandhari na ya maandishi, na usome kopo: liseme halina madini ya risasi. Kibao cha ndani kinaweza kupakwa rangi ya maji iliyobaki ulipopaka ukuta. Usipake tu ya maji juu ya ya mafuta, itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Ulichookoa weka kwenye brashi. Moja nzuri ya namba 4, yenye ncha isiyotawanyika, inashinda pakiti nzima ya zile zinazoacha manyoya kwenye rangi. Ongeza msasa namba 120 na 220. Stensili za dukani huzihitaji: chapisha maneno kwenye steshenari, sugua chaki nyuma ya karatasi, ilaze juu ya ubao, pitisha kalamu kwenye mistari. Chaki inabaki ikikuonyesha njia.

Kutundika, kamba ya katani na tundu mbili. Kama unaishi karibu na bahari, usitumie msumari wa kawaida kwenye kibao chenyewe: chumvi itaula, na mvua ya kwanza itachora machozi ya kahawia kuanzia kwenye K ya KARIBUNI hadi chini.