Stoo za mawindo za majumba ya kale Uingereza: pima hewa, nguzo baadaye

Mgeni anayezuru jumba la kale la shambani Uingereza huonyeshwa sebule, jiko na banda la farasi. Kile kijumba cha pembe nane kilichojibanza kivulini, hatua chache kutoka jikoni, wengi hukipita wakidhani ni cha mtunza bustani. Kumbe ni stoo ya mawindo. Humo walitundikwa kwale, sungura, kulungu na hasa fezanti, ndege wa jamii ya kwale mwenye mkia mrefu, mpaka nyama ilainike. Hapa tunavipima vijumba hivi kwa kazi vilivyojengewa: je, nyama ingekaa?

Aliyezoea kuku wa kuchinjwa asubuhi na kuliwa mchana atashangaa kidogo. Fezanti hanyonyolewi wala hatumbuliwi; hufungwa kamba shingoni na kuning'inizwa na manyoya yake kwa siku 3 hadi 7, kutegemea baridi. Si kukausha kama ng'onda. Vimeng'enya vya nyama yenyewe hulainisha misuli na kukoleza ladha, huku ngozi na manyoya vikiizuia isikauke. Sungura huning'inizwa kwa miguu ya nyuma, chini yake bakuli la kukinga damu, kwa sababu damu hiyo huingia kwenye mchuzi. Kulungu hutumbuliwa mapema, palepale porini, maana tumbo la mnyama mkubwa hushika joto na kuanza kuoza kabla nyama haijapoa. (Uhalali wa ndege aliyeokotwa amekufa tunawaachia mashekhe.)

Stoo nzuri utaijua paani. Upenu utokeze vya kutosha jua lisiuguse ukuta, na kileleni pawe na kijumba kidogo chenye vibao vya mshazari. Hewa ya vuguvugu hupanda na kutokea hapo, ya baridi huvutwa ndani kupitia madirisha. Pembe nane nazo zina maana yake: upepo utoke utokako, kuna upande wa kuupokea na upande wa kuutoa. Madirisha hayana vioo. Yana wavu wa waya, au bati la zinki lililotobolewa vitundu visivyopitisha nzi wa nyama. Chini ni mawe au vigae, kwa mteremko unaopeleka maji nje. Mlango huwa na kufuli la haja, na halikuwekwa kwa mapambo: mpaka sheria ya mwaka 1831 ilipowaruhusu wafanyabiashara wenye leseni, kuuza mawindo Uingereza kulikuwa marufuku, hivyo ndege wa kuibwa alikuwa na wateja wake wa magendo.

Kwa urembo, Farnborough Hall huko Warwickshire ina stoo iliyowekwa kwenye matembezi yaleyale ya bustani yenye hekalu la nguzo na banda la duaradufu. Aliyeijenga alitaka wageni waione. Uppark, West Sussex, imepambwa kwa mawe ya gumegume na pingili za uti wa mgongo wa kulungu, pambo la kuinamia na kulitazama kwa karibu. Maksi za ubunifu tunazitoa bila choyo. Ila ukituuliza nyama yetu tungeitundika wapi, tungechagua zile stoo za kulungu za nyanda za juu za Uskoti: kuta za mbao zilizoachiwa nafasi, boriti nene juu, kapi la kumpandishia mnyama, sakafu ya kupigwa maji. Hazina nguzo hata moja, na upepo unapita.

Udhaifu wa vijumba vya pembe nane ni ujazo. Tarehe 18 Desemba 1913 huko Hall Barn, Buckinghamshire, wawindaji saba, Mfalme George V akiwa mmoja wao, waliangusha fezanti 3,937 kwa siku moja. Mpe kila ndege sentimeta 15 za reli ya kutundikia, utahitaji karibu meta 590. Ukiwabana, unaharibu: ndege aliyegusana na mwenzake hapoi, na pale walipogusana ngozi hugeuka kijani kwanza. Aliyelowa mvua naye asiingizwe katikati ya wakavu. Aliyepigwa risasi za tumbo hutengwa na kupikwa mapema, kwa sababu uchafu wa utumbo umeshaingia kwenye nyama.

Ukarabati ndio unaotukera zaidi. Kosa la kwanza ni kutia vioo penye wavu ili kijumba kiwe ofisi au chumba cha wageni. Hewa ikisimama, jasho la ukutani halina pa kwenda, na boriti huanza kuoza kwenye ncha zilizozama ukutani. La pili ni kujaza viungo vya mawe kwa saruji badala ya chokaa. Unyevu hunaswa nyuma yake, baridi ikiganda uso wa jiwe unabanduka vipande. La tatu ni dogo, lakini tumeliona sana: wavu kupakwa rangi juu ya rangi mpaka vitundu vizibe. Kwa mbali unapendeza, lakini haupitishi kitu.

Wapo wanaoingiza chumba cha ubaridi ndani ya stoo ya kale. Hitaji ni la kweli: kwa nyama ya kuingia sokoni, kanuni zinataka ndege na sungura wapozwe mpaka nyuzijoto 4 au chini, kulungu 7 au chini, na Oktoba yenye jua hakuna upenu utakaokufikisha huko. Lakini sanduku hilo lisigusane na ukuta wa zamani. Acha nafasi ya kupita mtu pande zote, na mashine inayotoa joto ikae nje, upande ambao upepo haurudishi joto hilo dirishani. Bora zaidi, lijengee banda jipya kando.

Ukienda kuona mojawapo, chukua ukanda wa karatasi ya choo, ushike mbele ya wavu huku mlango umefungwa. Ukanda ukiinama kuelekea ndani, stoo bado inafanya kazi. Usipotikisika, tazama juu: mara nyingi vile vibao vya kileleni vimezibwa ndege wasijenge viota.