Sakafu ya Mbao kwa Mashua ya Alumini: Ubao wa Kununua na Ubao wa Kuukwepa

Mashua ndogo za alumini zenye chini bapa, za futi 12 hadi 16, ambazo huko Marekani na Kanada hutumika sana kuvulia mitoni na maziwani, aghalabu huuzwa zikiwa hazina sakafu, hivi kwamba mvuvi hukanyaga mataruma (mbavu za mashua) matupu na kila kishindo cha kiatu chake humfikia samaki. Mwenye mashua anapokwenda dukani kutafuta plaiwudi, swali lake huwa moja tu, nalo ni ubao upi hautaoza. Swali hilo humpotosha, kwa sababu ubao unaosifiwa kuliko yote kwa kutooza ndio unaoila alumini yake.

Ubao huo ni plaiwudi iliyotiwa dawa yenye shaba, nami nauweka nafasi ya mwisho kabisa. Hadi mwishoni mwa mwaka 2003 mbao za matumizi ya nyumbani nchini Marekani zilitiwa sana dawa ya CCA, mchanganyiko wa shaba, kromi na arseniki. Ilipoachwa, nafasi yake ikachukuliwa na dawa kama ACQ, ambazo zina shaba nyingi zaidi. Shaba na alumini zikikutana mahali penye unyevu hufanya kazi kama betri, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayolika. Matokeo yake ni vishimo vidogo vidogo chini ya sakafu, mahali pasipoonekana, mpaka siku mashua itakapoanza kuvuja. Wapo wanaosema kwamba rangi au zulia katikati hutosha kuvitenganisha; mimi siwezi kuuamini mpako ambao skrubu moja tu inautoboa.

Nafasi ya kwanza, kwa mashua nyingi za aina hii, naipa plaiwudi ya kawaida ya matumizi ya nje, isiyotiwa dawa, yenye unene wa milimita 12. Najua wengi watashangaa kwamba sikuanza na plaiwudi ya majini. Gundi ya zote mbili kwa kawaida ni ya fenoli, isiyoachia kwa maji. Tofauti kubwa imo katika tabaka za ndani, ambazo kwa ubao wa kawaida huruhusiwa kuwa na mapengo na vifundo. Kwa hiyo usinunue kwa kutazama uso peke yake: uinue ubao, uzitazame kingo zake nne, na ukiona matundu meusi kati ya tabaka, uurudishe na kuchukua mwingine. Ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 una uzito wa kilo 20 hivi, na mashua ya futi 14 mara nyingi haihitaji zaidi ya mbao mbili.

Plaiwudi halisi ya majini, yenye alama ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi hiyo, inafuata. Ile ya mti wa okume ni nyepesi, takriban kilo 16 hadi 18 kwa ubao wa unene huohuo, na tabaka zake za ndani hazina mapengo. Inafaa kuigharimia iwapo mataruma yako yameachana sana, au iwapo utafunga kiti cha kuzunguka kinachobeba uzito wote wa mtu mahali pamoja. Lakini jina lake lisikudanganye: kiwango hicho chenyewe hakimaanishi kwamba ubao umetiwa dawa ya kuzuia kuoza, na okume ikiachwa na maji huoza upesi. Utaipaka epoksi vilevile, yaani utomvu wa kuchanganya unaokauka na kuwa ngozi ngumu isiyopitisha maji, na bei yake kwa kawaida huzidi maradufu ya ile ya kwanza.

Msomaji aliyeko Dar es Salaam au Nairobi ana mtego wake mwingine. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huko huita “marini bodi” ule ubao wenye ngozi laini ya kahawia unaotumika kumwagia zege. Si plaiwudi ya mashua. Ngozi yake huteleza ikilowa na haishiki rangi vizuri, ingawa kwa dharura, kingo zikizibwa, utakusogeza misimu kadhaa.

Mbao nzima zisizo za plaiwudi, kama vile za mwerezi, zikipangwa kwa kuachiana nafasi hupendeza na hupitisha maji kwenda kwenye ngama, yaani chini kabisa mwa mashua. Hata hivyo huvimba na kusinyaa, na mbao nzito kama mvule, kipenzi cha mafundi wa pwani yetu, zitaizidishia uzito mashua nyepesi bila faida. Chipubodi na MDF, zinazotengenezwa kwa chembe na nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, sizipangii nafasi yoyote.

Katika hesabu ya manunuzi tia pia epoksi ya mipako mitatu, ambayo nyingi itanywewa na kingo na matundu ya skrubu, kisha rangi ya kuikinga na jua. Zulia mimi siliweki tena, kwa kuwa sakafu niliyowahi kuibandua ilikuwa kavu kila mahali isipokuwa chini ya zulia, ambako mbao zilimegeka kama mkate. Kwa kufungia, nunua ribiti za alumini, au skrubu za stenlesi zikiwa zimepakwa dawa nzito ya kutenganisha metali. Za shaba ziache dukani. Urefu wa skrubu uupime kwa taruma, usije ukatoboa chini ya mashua.

Uzito wa sakafu uutoe kwenye kiasi kilichoandikwa katika kibao cha uwezo wa mashua, na povu gumu la kueleza lililo chini ya viti usiling'oe ili kupata nafasi, kwani ndilo linaloizuia mashua isizame ikijaa maji. Kipande cha mwisho, cha upande wa tezi (nyuma) ambako maji hukusanyika na kizibo cha kuyatolea kipo, kikate peke yake na ukiache bila kukifunga, ili uweze kukiinua kila urudipo nchi kavu.