Kozi ya kiangazi kwa watu wazima: nimelipa ili nizuiwe kuuliza?

Nina hasira, na sitaificha. Nimetoka majuzi kwenye kozi ya kiangazi ya watu wazima, somo la takwimu, tukilala hukohuko chuoni. Mabweni, chakula, ratiba, hayo yapo kwenye tangazo lao. Mimi nina habari ya asubuhi moja tu.

Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, mkunga wa siku nyingi, alinyoosha mkono. "Samahani mwalimu, tukipima namba za sampuli zimetawanyika kiasi gani, mbona hatugawanyi kwa idadi yenyewe, tunagawanya kwa idadi kutoa moja?"

Swali zuri lililoje! Mhadhiri hata hakutugeukia. "Mama, hilo kariri tu. Vijana wa miaka 19 hawanipotezei muda kwa maswali kama hayo."

Yule mama akafunika kalamu, akafunga daftari. Darasani hakuuliza tena hadi kozi inaisha.

Mtu mzima anaomba likizo kazini, anaacha watoto kwa ndugu, analipa ada, halafu anaambiwa akariri? Si angekariri nyumbani kwake! Open University ya Uingereza ilipoanza kusomesha kwa masafa mwaka 1971 ilikuwa na vitabu vya posta na vipindi vya redio na televisheni, na bado wanafunzi wa kozi za msingi walitakiwa kuhudhuria shule ya kiangazi ya wiki nzima. Kitabu hakikujibu ukikiuliza. Mwalimu naye asipojibu, safari ya nini?

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia msiende. Lakini nitakuwa nimewadanganya, kwa sababu usiku uleule, baada ya chakula, mzee mmoja mstaafu wa benki alichana karatasi vipande vitano. "Hizi ni tofauti za namba tano na wastani wake. Zikijumlishwa lazima zije sifuri." Akaandika 3, hasi 1, 2 na hasi 5, kila moja kwenye kipande chake. Cha tano akakilaza kifudifudi. "Haya mama, hiki kina nini?"

Mama akahesabu kwa vidole. "Moja. Haiwezi kuwa nyingine." Kisha akapiga meza: "Kumbe! Vilivyo huru ni vinne tu! Ndiyo maana tunagawanya kwa tano kutoa moja!"

Jamani, raha niliyoipata pale! Tuling'ang'ania meza ile mpaka mlinzi akaja kutuzimia taa, na kila usiku uliofuata tukakutana papo hapo. Takwimu ninazozijua leo nimezipata pale. Kwa hiyo nendeni.

Ila ada yetu haikwenda kwa yule mzee. Ilimlipa aliyemnyamazisha mkunga mbele ya watu, na nikikumbuka hilo nyota zote nilizotaka kuwapa nazirudisha. Kabla hujalipa, ulizia darasa lina watu wangapi, nani hasa anafundisha, na kama kuna saa za majadiliano. Wakikuzungusha, bakiza pesa yako. Mimi nitarudi kama wenzangu wale watarudi. Kwa mhadhiri yule, hata nikiitwa bure siendi.